Mwacheni Bibi atembee

Wikiendi hii sikuonekana kampasi, nilikuwa nyumbani kumwangalia Bibi. Amewekewa goti la bandia, lile la chuma na plastiki, na sasa ni wiki ya tatu. Nimerudi hosteli na hasira kidogo, acha niitoe hapa.

Operesheni yenyewe haikuwa na tatizo. Kesho yake tu wauguzi walimsimamisha, akapiga hatua chache. Tatizo ni sisi ndugu. Tulipomfikisha nyumbani tukamlaza kama mzazi: chai kitandani, mto laini chini ya goti. Akitaka kuinuka tu, shangazi anadakia, "Mama pumzika, utaumia!"

Ijumaa nikamsindikiza kliniki. Goti halikunjiki kufika nyuzi 90, na kunyooka halinyooki. Mtaalamu wa mazoezi akauliza mto huwa tunauweka wapi. Tulipomwambia akatikisa kichwa. Kumbe mto chini ya goti unalizoesha kukaa limekunjwa! Unatakiwa uwe chini ya kisigino, goti linyooke.

Jamani, huruma ya namna hii inamlemaza mgonjwa. Daktari kazi yake kaimaliza, kulikunja na kulinyoosha ni kazi ya Bibi, kila siku, hasa hizi wiki za mwanzo. Akilala tu, makovu ya ndani yanakaza, na anaweza kurudishwa hospitali akapigwe nusu kaputi goti likunjwe kwa nguvu.

Sisemi apelekwe shamba. Anywe dawa ya maumivu kwanza, ikishaanza kufanya kazi afanye mazoezi, kisha aweke barafu iliyofungwa kitambaa kama dakika 15. Kwenye ngazi, kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize wenye goti jipya. Ila kigimbi kikivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, hapo hakuna cha mazoezi. Huenda damu imeganda, ni hospitali haraka.

Jana asubuhi Bibi kashika fremu yake, kajikongoja mwenyewe mpaka jikoni. Shangazi akaanza tena. Bibi akamjibu, "Sasa goti mmeninunulia la nini kama mnanikataza kulitumia?"

Sote kimya. Mimi nipo upande wa Bibi. Nyie wenye wazee nyumbani mnaonaje? Haya, ngoja nikasome, keshokutwa testi.