Ahadi Hazitunzwi na Mashine

Wako watu siku hizi wanaolilia mashine. Husema, "Laiti ningalikuwa na ile Palm yangu ya zamani, mambo yangu yote yangalikuwa sawa." Mashine hiyo ndogo ya mfukoni, ya kuandikia kazi na miadi, huitafuta minadani ikiwa imechakaa, wakaipangusa kama kito. Twawajua vema watu hao, maana sisi wenyewe tumekuwa miongoni mwao; na leo twataka kuwaambia, na kujiambia, kwamba wanalilia kisicho.

Hatukatai sifa zake. Ile Pilot ya kwanza, iliyotoka Marekani mwaka 1996, ilikuwa na vitufe vinne vya kufungulia kazi zake: kalenda, anwani, orodha ya kazi, na maandishi mafupi. Iliendeshwa kwa betri mbili ndogo kwa majuma kadhaa. Haikulia ila kwa jambo ulilolitega wewe mwenyewe. Mtu aliifungua, akaandika neno lake, akaifunga, akamrudia mwenziwe aliyekuwa akizungumza naye. Simu ya leo waifungua uandike neno moja, watoka humo baada ya nusu saa, na lile neno hukuliandika.

Lakini twauliza: utaratibu ule ulikuwa wa nani, wa mashine au wa mtu? Tazameni habari za Jeff Hawkins, mkuu wa walioibuni. Kabla mashine haijawako, alichonga kibao cha mti cha kuenea mfuko wa shati, akawa akitembea nacho ili ajue kama kitu cha namna ile kingefaa. Mtu akimwuliza kama ana nafasi siku fulani, alikitoa kibao, akakigusagusa kwa kijiti kana kwamba anaandika. Kibao kile hakikuwa na akili yo yote, lakini mkono wake ulikwisha kuijua njia ya mfukoni. Desturi ilitangulia, mashine ikafuata.

Tena kumbukeni mwandiko wake. Newton ya Apple, iliyotoka mwaka 1993, ilijaribu kusoma mwandiko wa kila mtu kama ulivyo, ikakosea hata ikachekwa. Palm ilifanya kinyume: ilimtaka mtu ajifunze alama zake, zilizoitwa Graffiti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Watu wakakubali, wakajifunza. Basi aliyefundishwa adabu ni mtu, si chombo. Na betri zilipokwisha zikaachwa, yote yaliyoandikwa yalifutika; ilimpasa mwenyewe kukumbuka kupeleka nakala katika kompyuta yake.

Upo na ugonjwa wa pili, wa kubadili mpango kila mwezi. David Allen, katika kitabu chake Getting Things Done cha mwaka 2001, alishauri mtu ayatoe mambo yote kichwani, ayaandike mahali anapopaamini, aamue tendo lifuatalo, kisha ayapitie yote kila juma. Sisi tuliomsoma twapenda kununua vifaa vya sehemu ile ya kwanza. Ile ya mwisho, isiyouzwa dukani, twairuka.

Twakiri kosa letu. Mwanafunzi wetu wa zamani alituomba barua ya kumshuhudia mahali alipotaka kazi. Tuliliandika ombi lake katika orodha. Kisha jioni tatu tukazitumia kuihamisha orodha ile toka programu moja hata nyingine, na kuipamba kwa rangi. Siku ya mwisho ikapita. Alipokuja kuuliza, tulikuwa na orodha nzuri mno ya kumwonyesha, wala hatukuwa na barua. Je, Palm ingaliiandika barua ile?

Ahadi ni deni, na deni halilipwi kwa uzuri wa daftari lililoandikwa. Mwenye Palm iliyo nzima na aitumie. Mwenye daftari la karatasi na alitumie. Mwenye simu na azizime kengele zake. Lakini achague mahali pamoja, apatazame kila asubuhi, na jambo moja katika yale aliyoyaahidi alitende kabla ya kuanza kupanga mengine. Hilo likitushinda, tusiisingizie mashine iliyokwisha kufa.