Saketi unganifu si uchawi

Wapo watumishi wa umma, tena wenye shahada, ambao mashine ya ofisini ikikwama humwambia mwananchi aliyeteremka tangu alfajiri kutoka Marangu au Kibosho, "Kompyuta imekataa, rudi kesho," kana kwamba mzimu ndio uliotoa amri. Kasumba hiyo haina budi kupigwa vita.

Kilichomo ndani ya mashine hiyo ni saketi unganifu, ambayo mafundi wa redio huiita "aisii". Mzee yeyote wa Kichagga aliyewahi kungoja zamu ya maji atauelewa utaratibu wake. Mfongo huchota maji mtoni, huyagawa kihamba kwa kihamba, na kila njia hufunguliwa au kuzibwa kwa zamu. Katika saketi kinachopita ni umeme, na mlango wake ni transista. Zamani kila transista ilitengenezwa peke yake, kisha ikaungwa na nyingine kwa waya. Mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments alionyesha kwamba sehemu zote zaweza kutengenezwa katika kipande kimoja. Mwaka uliofuata Robert Noyce akabuni namna bora ya kuziunganisha juu ya silikoni. Mwaka 1971, ule ule ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa, Intel ilitoa kipande chenye transista 2,300. Simu ya kisasa iliyomo mfukoni mwa mwalimu ina mabilioni.

Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Hoja ya kulinda fedha za kigeni ilikuwa ya haki. Dawa ndiyo iliyokuwa mbovu, maana ilizuia mashine na elimu yake kwa pamoja. Miaka miwili baadaye Taiwan ilipeleka wahandisi vijana Marekani, katika kampuni ya RCA, wakajifunze kutengeneza saketi hizo. Leo vipande bora kabisa duniani hutoka kisiwani humo.

Marufuku imekwisha, ujinga umebaki. Mwaka 2022 intaneti ilifikishwa Horombo, meta 3,720 juu ya usawa wa bahari, na watu wakapiga makofi. Ni shule ngapi mlimani zilizowaeleza watoto ni nini kinachoipokea ndani ya simu? Wanafunzi hukariri mchoro wa transista ubaoni, wakafaulu mtihani, bila kushika hata redio moja iliyofunguliwa. Walimu husema wanangoja maabara. Redio mbovu zimejaa katika vibanda vya mafundi mjini Moshi, na hakuna waraka wa Wizara unaomkataza mwalimu kupanda nayo moja darasani kesho asubuhi, pamoja na bisibisi.