Tiyo ndogo ya mazutu na akiba ya kasha

Juma hili hatusemi juu ya unga wala juu ya minerval ya watoto. Tunasema juu ya gari, kwani ndilo linabeba sisi na mizigo yetu, na juzi kidogo lituchome.

Mnajua ile kamionete ya mazutu ambayo kundi letu linatumia kupandisha mchele na nyanya toka Kamanyola mpaka Bukavu. Tiyo yake ndogo ya mpira, ile ya kurudisha mazutu, ilipasuka. Fundi alituomba tununue tiyo ya mazutu yenye urefu wa kutosha. Tulisikia bei, tukatazama kasha, tukamwambia: «Tafuta ya bei ya chini, na umalize leo.» Akaweka tiyo fupi ya maji, ikakatisha moja kwa moja juu ya bomba la moshi. Tulimlipa, tukamshukuru.

Kisha siku tisa, katikati ya mlima wa Ngomo, harufu ya mazutu ikajaa ndani. Shofere akazima motere, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukashusha watu wote. Mmoja wetu alikuwa na mtoto mgongoni. Kufungua kifuniko, tuliona tiyo imelainika kama ndizi iliyoiva sana, na mazutu yanadondoka vidole viwili tu pembeni ya chuma cha moto. Hakuna aliyesema neno.

Tiyo hiyo inafanya kazi gani? Pompu inavuta mazutu mengi kuliko yale motere inachoma. Yanayozidi kwenye pompu na kwenye enjektere yanarudi ndani ya tanki kwa njia hiyo. Nguvu yake ni ndogo, lakini yanarudi yakiwa na joto. Mazutu yanakula mpira wa tiyo ya maji. Tiyo ikilegea, hewa inaweza kuingia, na gari linasumbua kuwaka asubuhi. Ikikunjika, mazutu hayapati njia ya kurudi.

Tulirudi kwa fundi yule yule. Hakutugombeza. Alisema tu: «Wamama, niliwaambia.» Ni kweli. Akaweka tiyo ya mazutu, ndefu zaidi, na kuibadilishia njia: toka kwenye enjektere ikazunguka upande usio na bomba la moshi, ikafuata ukuta wa nyuma ya motere, ikashuka mpaka kwenye tiyo ya chuma inayoenda tankini. Aliifunga kila mahali ili isichezecheze.

Mkipeleka gari garaje, muulize hivi:

1. Tiyo hii imetengenezwa kwa mazutu? Upana wake ni sawa na wa ile ya zamani?
2. Inapita mbali na bomba la moshi, turbo, feni na mkanda wake?
3. Haikunjiki wala haisuguliwi na chuma chenye makali? Motere inatikisika, tiyo isivutwe kama kamba.
4. Ncha zote mbili zimefungwa kwa kolie, si kwa waya?
5. Motere iachwe iwake dakika kumi, kisha tutazame pamoja kama panalowa.

Kutafuta panapovuja, tumieni kipande cha karatoni, si kidole. Kwenye tiyo za chuma zinazoingia enjektere, nguvu ni kubwa sana: mazutu yanaweza kupenya ngozi. Hilo likitokea, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano, mtu aende hospitali mara moja.

Na vijana wetu wasivute mazutu kwa mdomo. Yakiingia kwenye mapafu ni hatari kubwa. Mtoto akiyameza, msimtapishe. Mkimbizeni kituo cha afya.

Katika mkutano wa kundi, wengine walitaka kumkata fundi malipo. Tulisumbuana, mwishowe tukakubali: haraka ilikuwa yetu, na ubahili ulikuwa wetu. Tulimlipa kazi ya pili yote. Tangu siku hiyo, kila safari tunatoa kidogo na kuweka pembeni kwa ajili ya gari tu. Haraka haraka haina baraka, hasa kwenye mlima wa Ngomo.

Tuonane juma lijalo, wamama. Safari njema.