Alama Peke Yake Haimalizi Habari

Mwanao aliye chuoni akikuambia kwamba amepata alama 20 katika hojaji ya sonona, yaani huzuni nzito isiyomtoka mtu, usihamaki wala usipuuze.

Hojaji mojawapo iliyo maarufu ilitolewa Marekani mwaka 1961 na Daktari Aaron Beck na wenzake. Ina maswali 21. Kila jibu hupewa alama kati ya 0 na 3, na jumla ya juu ni 63. Toleo la mwaka 1996, ambalo huuliza juu ya majuma mawili yaliyopita, lilijaribiwa kwa wagonjwa 500 na wanachuo 120, na majibu yao yalioana vema.

Hata hivyo, kuoana si kusema kweli. Mizani ya duka iliyochezewa hutoa uzito ule ule kila siku, na mnunuzi hupunjwa kila siku. Mwanachuo anayekesha kwa ajili ya mtihani atajibu kwamba hana usingizi, hana nguvu, wala hamu ya chakula. Mtihani ukiisha, huenda alama zikashuka. Mwingine huficha kwa aibu. Ndiyo sababu kipimo hurudiwa, kisha daktari huzungumza na mhusika ana kwa ana.

Lakini swali la 9, lihusulo mawazo ya kujiua, halingoji marudio. Kijana akikiri kuwa nayo, hata jumla yake ikiwa ndogo, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.