Kilomita hazikuongezeka, lakini Minova ikawa mbali

Kwenye ramani, Goma na Minova ni majirani. Msafiri anayetoka Goma anafuata barabara ya taifa namba 2, anafika Sake kisha kilomita 25 hivi, anaendelea kando ya Ziwa Kivu na kuingia Minova, teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Wakati wa utulivu ni safari ya kawaida. Mama anapeleka maharagwe na mihogo sokoni Goma asubuhi, jioni anarudi kwake.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita vilifika karibu na Sake na barabara ikafungwa. Hakuna hata kilomita moja iliyoongezeka kati ya miji hiyo miwili. Lakini kuanzia wakati ule Minova ilikuwa mbali. Chakula kikapita ziwani, na watu pia. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova, ikiwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake, ilizama mbele ya bandari ya Kituku. Gati ilikuwa mita mia chache tu. Watu waliokuwa wakingojea ndugu zao waliona kwa macho yao. Makumi ya abiria walikufa.

Baada ya ajali ile, mazungumzo mengi yalikuwa juu ya mizigo kupita kiasi na jile za kuokoa maisha. Ni mazungumzo ya haki, na mwenye boti anayejaza watu kama magunia lazima ahukumiwe. Lakini kuna swali lililobaki nyuma: kwa nini watu wengi hivyo walikuwa ziwani siku ile? Jibu ni umbali. Na umbali ni jambo ambalo wakubwa wa nchi hii, serikali kama waasi, hawajajifunza kulipima.

Neno moja, vipimo vingi

Mzee wa kijijini akiulizwa kama mahali fulani ni mbali, hatataja kilomita. Atasema: « Ni masaa matatu ya mguu. » Au atanyosha mkono: « Ni hapa tu, nyuma ya mlima ule. » Mgeni wa mjini anacheka, kwa sababu « hapa tu » inamchukua nusu siku. Hata hivyo mzee hakudanganya. Alipima kwa miguu yake, na miguu yake inaujua mlima ule.

Kiswahili chenyewe kinafundisha. Kina « umbali », yaani nafasi iliyo kati ya hapa na pale. Kina pia « mwendo », na mwendo hauwezi kutajwa bila mwenye kwenda. Mwendo wa motari si mwendo wa mama mwenye mimba. Mwendo wa wakati wa kiangazi si mwendo wa siku ya mvua. Neno lile lile la « mbali » linasema habari ya wakati, pale watu wanaposema « tumetoka mbali ». Linasema habari ya damu, pale wanapotaja ndugu wa mbali. Linasema hata habari ya moyo, kwani watu wawili wanaweza kulala nyumba moja na kuwa mbalimbali.

Katika ofisi zinazopanga maisha ya raia, maana zote hizo zinapotea. Inabaki kilomita peke yake.

Kilomita tano za mgonjwa

Mfano ulio wazi ni afya. Katika mipango ya afya, mkaaji anayeishi chini ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya kwa kawaida anahesabiwa kuwa anaweza kukifikia. Kipimo hicho kina sababu yake: ni kama saa moja ya kutembea kwa mtu mzima kwenye njia nzuri.

Sasa kilomita hizo tano zipelekwe katika milima ya Masisi. Mama ameshikwa na uchungu saa nne za usiku. Mvua inanyesha, matope yanafika magotini, motari hawezi kupanda. Vijana wanne wanambeba kwenye tipoyi. Risasi zinasikika ngambo ya bonde, basi wanangojea alfajiri. Kwa karatasi, mama huyu ana kituo karibu. Kwa ukweli, kituo kiko umbali wa usiku mzima, na usiku mzima unaweza kumuua yeye na mtoto.

Mwenzake wa Goma, mwenye kilomita zile zile tano, atapanda motari mchana na kufika kwa dakika chache, kama ana pesa ya motari. Kama hana, naye atatembea. Kumbe hata mfuko ni kipimo cha umbali.

Bariere na bei

Kisha kuna bariere. Mwaka 2017, watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walitoa ripoti yenye ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walihesabu 798. Vingine vilikuwa vya jeshi na polisi, vingine vya makundi yenye silaha, vingine vya watu wa kodi. Tangu wakati huo vita vimehama na wenye kusimamisha kamba wamebadilika. Kamba yenyewe ingali barabarani.

Kila bariere ni sawa na kilomita za ziada. Mfanyabiashara mdogo anayebeba magunia mawili ya maharagwe anahesabu safari yake kwa idadi ya mahali atakapolipa. Ikiwa ni moja, anakwenda. Ikiwa ni sita, soko limekuwa mbali mno, hata kama linaonekana kutoka juu ya mlima wake. Maharagwe yanaoza kijijini na mjini bei inapanda. Mkulima na mnunuzi wanaumia pamoja, na kati yao amesimama mtu mwenye kamba.

Shabunda wanajua hesabu hiyo vizuri. Ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini, na barabara za kuelekea Bukavu ni mbovu kiasi kwamba kwa miaka mingi chumvi, sabuni na dawa zimepanda ndege ndogo kutoka Kavumu. Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Kavumu na Bukavu, na uwanja wa ndege ukafungwa. Shabunda haikuhama, bali njia yake ya angani ndiyo ilikatwa. Mahali kama hapo, umbali unasomwa kwenye bei ya kilo ya chumvi.

Jirani wa hatua mia, mji mkuu wa kilomita 1500

Goma inaonyesha jambo lingine. Kutoka Birere hadi Gisenyi, Rwanda, mtu anavuka kwa miguu. Kila siku maelfu ya wanawake hupita Petite Barrière na mboga, maziwa na nguo. Wanajua bei ya upande wa pili kuliko wanavyojua bei ya Kinshasa. Lakini siku mpaka unapofungwa mapema au kabisa, hatua mia zinakuwa ukuta, na jikoni hakuna moto.

Kinshasa nayo iko zaidi ya kilomita 1500 kwa ndege. Saa ya Goma na saa ya Kinshasa hazilingani: mashariki inatangulia kwa saa moja. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, uwanja wa ndege ulifungwa, kisha benki zikafungwa pia. Mshahara wa mwalimu ukawa kwenye akaunti isiyofikiwa. Wengine walivuka mpaka kutafuta pesa yao wenyewe, wengine walilipa asilimia kwa wakala wa simu ili kuiona mkononi. Pesa ilikuwa yao, jina lilikuwa lao, lakini umbali uliwekwa katikati.

Kuna wanaosema kwamba shida yote ni umbali wa Kinshasa, na kwamba dawa ni kuleta madaraka karibu. Hoja hii si ya kudharau. Mwaka 1988 Kivu ya zamani iligawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Mwaka 2015 nchi ilitoka majimbo 11 hadi 26. Kila mara maneno yalikuwa yale yale: kukaribisha utawala kwa raia. Katiba, katika kifungo cha 175, inapatia majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na inasema pesa hiyo ikatwe papo hapo. Majimbo yangali yanailalamikia hadi leo.

Lakini kuwa na kiongozi karibu hakutoshi. Tangu Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya dharura, na magavana wa kijeshi waliishi humo humo ndani. Leo wanaotawala Goma na Bukavu wanakaa mjini. Raia anaweza kuona magari yao yakipita. Je, mkulima wa Masisi analipa bariere chache zaidi? Mama mjamzito anafika hospitali mapema zaidi? Kama jibu ni hapana, basi wakubwa wamekaribia kwa mwili tu. Kiongozi anaweza kuwa mtaa wa pili na bado akawa mbali kuliko Kinshasa.

Umbali unaookoa

Si kila umbali ni adui. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu 2287, wengi wao katika maeneo ya Beni, Butembo na Mabalako. Watu waliambiwa wasishikane mikono, wasioshe maiti ya mzazi wao. Mwanzoni wengi walikataa, kwani umbali ule uliletwa na wageni wenye haraka, bila maelezo. Pale familia iliporuhusiwa kusimama karibu, kuona jeneza na kuomba, upinzani ulipungua. Raia hakatai umbali anapoelewa kwamba unamlinda.

Kwa hiyo inauma kuona umbali unaokoa ukikataliwa kwa wale waliouomba. Wakimbizi wa ndani waliokuwa kandokando ya Goma walitaka jambo moja: silaha nzito zisiwekwe karibu na mahema yao. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za upande wa Mugunga na Lac Vert, na watu zaidi ya kumi waliuawa, wakiwemo watoto. Pale ndipo kilomita chache zilihitajika kweli, na hakuna aliyezipima.

Hesabu mpya

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na mifano ipo. Mwezi wa Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilihama na kwenda kuketi Baraka, teritware ya Fizi, ikamhukumu Luteni-kanali Kibibi Mutware na wenzake kwa ubakaji. Mwishoni mwa 2017, mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini iliketi Kavumu, palepale watoto walipotendewa uovu, na wazazi walisikia hukumu kwa masikio yao. Hakuna barabara mpya iliyojengwa kwa ajili ya kesi hizo. Ni waamuzi waliofunga safari, badala ya kumngoja mwanamke maskini atafute nauli ya Bukavu.

Huo ndio ufunguo. Wenye kupanga kituo cha afya, shule, ofisi ya kura au ugawaji wa chakula waandike mambo matatu kando ya kilomita: masaa ya mguu wakati wa mvua, pesa ya safari kwenda na kurudi, na idadi ya bariere njiani. Mahali ambapo hesabu hiyo ni nzito, huduma ndiyo isafiri. Na wanaoketi kwenye meza za mazungumzo ya amani, Doha, Washington ama kwingine, waweke bariere, viwanja vya ndege na benki juu ya orodha, kwa sababu vinaweza kufunguliwa hata kabla ya kila neno la siasa kumalizika.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mashariki mwa Congo nyoka anajulikana na raia wameshamwonyesha kwa kidole. Kazi iliyobaki ni ya wenye fimbo: watoke walipo, wapite barabara wanayopita wengine, walipe bariere wanazolipa wengine, kisha ndipo waseme kama ni karibu.