Mashine Ikizimia Baharini Isipigiwe Ramli Ufukweni

Saa kumi na moja alfajiri, mashine ya boti pale Nungwi huwaka kwa mvuto wa pili wa kamba. Inanguruma vizuri, moshi unatanda juu ya maji, boti inashika njia ya kaskazini kuelekea mkondo wa Pemba. Nusu saa baadaye mnara wa taa umebaki kijiti nyuma ya shetri, na mashine inazima. Nahodha anavuta kamba mpaka bega linamuuma. Kimya. Wanakaa dakika ishirini wakisukwasukwa na mawimbi, anavuta tena, inawaka kana kwamba haijatokea kitu. Dakika kumi tu, imezima tena.

Jioni boti ikifika ufukweni fundi anaitwa. Mashine imeshapoa. Anavuta mara moja, inawaka. Anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, anatamka: "Hii kabureta." Kesho yake kabureta imesafishwa na mashine inazima palepale ilipozimia jana. Basi ni plagi. Kisha koili. Kisha pampu ya mafuta. Mwezi unapokwisha mwenye boti ameshanunua nusu ya mashine mpya kipande kwa kipande, na ugonjwa haujaondoka.

Huko si kutengeneza, ni kupiga ramli, na wavuvi wa pwani wamelipia ramli hiyo kwa muda mrefu mno. Haisemwi hapa kwamba mafundi hawajui kazi. Wengi wao wanaweza kufungua na kufunga mashine gizani kwa kupapasa. Kosa liko katika mahali na wakati wa uchunguzi. Hitilafu inayoletwa na joto haiwezi kuonekana kwenye chuma kilichopoa, kama vile daktari asivyoweza kuiona homa siku iliposhuka. Mashine ya namna hii inapaswa kupimwa ikiwa bado moto, ikiwa na mzigo, na ndani ya dakika chache za kwanza baada ya kuzima.

Kinachofanya jambo hili lisisubiri ni bahari yenyewe. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini, na msimu wa kusi kasi yake inaweza kufikia noti 4, yaani zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Boti iliyokaa saa tatu bila mashine katika mkondo kama huo inaweza kujikuta kilomita 20 mbali na pale ilipozimia, maji yakiwa marefu kuliko kamba yoyote ya nanga iliyomo ndani.

Mashine zinazozungumzwa hapa ni zile za tu-stroki, zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Marekani ilizibana kwa kanuni za moshi zilizotolewa mwaka 1996, na Ulaya nayo ikafuata njia hiyo. Huku kwetu Yamaha Enduro na wenzake bado wanatawala kuanzia Lamu hadi Kilwa, na kwa sababu nzuri: zina kabureta, hazina kompyuta, na spea zake zinapatikana. Urahisi huohuo ndio tumaini. Injini ya aina hii ikizima kwa joto, sababu zake ni chache, na kila moja huacha alama yake.

Alama ya kwanza ni namna ilivyokufa, na shahidi wake ni nahodha, ambaye mara nyingi hata haulizwi. Mashine iliyokatika ghafla, kama taa iliyozimwa ukutani, kwa kawaida imepoteza moto wa plagi. Iliyoanza kukohoa, ikapungua nguvu, ikapanda na kushuka kabla ya kunyamaza, imekosa mafuta. Iliyozidi kuwa nzito, sauti ikizama kama inayovuta nanga, kisha kamba ikagoma kuvutika, imeshika ndani: pistoni imebanwa na silinda. Maelezo hayo matatu hayagharimu hata senti, nayo yanaondoa theluthi mbili za kubahatisha kabla spana haijashikwa.

Iliyokohoa ianzie kwenye tangi. Hesabu yake ni nyepesi. Mashine ya nguvu farasi 40 ikienda kasi yote inakunywa lita 15 za petroli kwa saa au zaidi, yaani robo lita kila dakika. Robo lita ikitoka, robo lita ya hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Kama tundu la hewa la kifuniko limefungwa, limeziba kwa chumvi, au mpira wa mafuta umepitishwa kwenye mdomo wa dumu na kukazwa kwa kitambaa ili petroli isimwagike, hewa haina pa kupita. Ombwe linajengeka ndani taratibu, pampu inashindwa kuvuta, mashine inazima. Wanaposubiri "ipoe," kumbe hewa inajipenyeza polepole ndani ya dumu. Kila mtu anaona joto ndilo lenye kosa, na joto halimo kabisa katika kesi hiyo.

Uthibitisho wake ni sekunde kumi. Mashine ikizima, legeza kifuniko na utege sikio. Ukisikia hewa ikifyonzwa kuingia, umempata mwizi.

Kisha ushikwe ule mpira mnene wa kubonyeza kwa mkono ulio katikati ya njia ya mafuta. Ukiwa umesinyaa na kubapa, kizuizi kiko upande wa tangi. Ukiwa laini, na kuubonyeza kunairudishia mashine uhai, pampu ya mafuta imechoka au kuna mahali pananyonya hewa. Ukiwa mgumu umejaa, na mashine bado haitaki, mafuta yanafika, tafuta kwingine. Joto la kweli huweza pia kuchemsha petroli ndani ya njia zake, maana viambato vyake vyepesi huanza kuchemka kabla ya nyuzi 40 za Selsiasi, lakini sababu hiyo isitajwe kabla tundu la hewa na mpira havijakaguliwa.

Joto la kweli likishukiwa, maji ya kupoza yanahitaji jicho kali zaidi. Kule chini, juu ya propela, kuna impela, gurudumu dogo la mpira linalovuta maji ya bahari na kuyapandisha kwenye injini. Mchanga wa maji madogo hula mapanga yake, na kuiwasha mashine ikiwa imening'inia nje ya maji, hata kwa muda mfupi, huiunguza. Wengi hutazama ule mrija mdogo unaorusha maji nyuma, wakiona yanatoka wanaridhika. Mrija huo unathibitisha kwamba pampu inasukuma, basi. Thamostati ikiwa imegandishwa na chumvi, kichwa cha silinda kinaweza kuiva huku mrija ukirusha maji kwa madaha. Tone la maji likidondoshwa juu ya kichwa cha silinda na kuchemka papo hapo, jibu limepatikana. Dawa yake inajulikana: kuiwasha mashine ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi baada ya kazi, na kukagua impela kila mwaka bila kungoja igome. Katika visiwa ambako hata maji ya kunywa hununuliwa, pipa moja ni gharama. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu linafaa kuwa la diko zima badala ya la mtu mmoja.

Iliyokatika ghafla inapeleka macho kwenye umeme, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Koili ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi na kupakwa kizio. Ikizeeka hupata ufa usioonekana. Chuma kikipata moto ufa unapanuka, mkondo unakatika au unaruka pembeni. Kikipoa, ncha za waya zinarudi kugusana. Mita ya umeme ikiwekwa ufukweni asubuhi itasema koili nzima, na itakuwa inasema kweli ya asubuhi. Pima ikiwa moto. Lakini hata hapo kuna mtego: shaba ikipanda nyuzi 50 ukinzani wake huongezeka kwa takriban sehemu moja kati ya tano, na hilo ni jambo la kawaida. Fundi asiyejua hivyo ataitupa koili njema. Kinachotafutwa ni namba iliyoruka mbali na ile ya kitabu cha mashine, au kukatika kabisa. Kifaa kidogo cha kupimia cheche kinatosha kwa kuanzia, mradi kiunganishwe vizuri na mwili wa mashine ili CDI, kile kisanduku kinachotawala cheche, isiharibiwe, na mvuke wa petroli uwe umeachiwa kutoka kwanza. Boti zilizoungua zipo, na hakuna samaki mwenye thamani hiyo.

Kuhusu iliyoshika ndani, mazungumzo ni mafupi. Pistoni ya alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda. Oili ikiwa pungufu, au maji hayapozi, nafasi kati yao inakwisha. Kwa mashine inayotaka mchanganyiko wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linahitaji mililita 400 za oili, zipimwe kwa kipimo na wala si kwa kukadiria. Mashine iliyoshika mara moja na kuachia haijapona. Irudishwe pwani taratibu ikafunguliwe.

Sasa lawama, na sehemu kubwa ni ya wenye boti. Fundi akisema anataka kutoka na boti baharini kwa saa mbili ili aione mashine ikizima, anaambiwa anataka matembezi. Akisema inunuliwe koili, fedha inatoka. Mwenye boti hulipia kitu anachokishika mkononi, halipii muda wa mtu kufikiri, na fundi mwenye watoto wa kulisha hujifunza haraka ni sentensi ipi inayoleta chakula nyumbani. Mtu mwenye akili husukumwa hivyohivyo hadi anakuwa kishoka.

Serikali nazo zina sehemu yao. Boti za mkopo wa masharti nafuu zimekuwa zikigawiwa kwa vikundi vya wavuvi, na hilo ni jambo jema. Kila boti ya aina hiyo ingepaswa kukabidhiwa ikiwa na mita ya umeme, kipimia cheche, impela ya akiba na siku mbili za mafunzo ya nahodha. Wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, una kampasi Mbegani, Bagamoyo; walimu wake wangefika mbali zaidi kama kozi fupi zingepelekwa madikoni, kwa mafundi ambao hawawezi kuacha kazi wiki nzima.

Na kuna jambo ambalo vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) na kamati za wavuvi vinaweza kulianza bila kumsubiri yeyote. Kusi huanza kuvuma mnamo Aprili. Kabla ya hapo, mashine zote zinazojulikana kuzima zikiwa moto zitolewe siku moja, boti ya pili ikiwa ubavuni na kamba ya kuvutia, fundi akiwa ndani, analipwa kwa safari badala ya spea. Ziendeshwe kwa kasi mpaka zizime. Hapohapo, kabla ya mtu yeyote kugusa kamba, fundi alegeze kifuniko cha tangi na asikilize.