Kichefuchefu Kisichokwisha

Wamo majumbani mwetu watu wanaochafukwa na moyo mwezi baada ya mwezi. Hunyonya ndimu, hutafuna tangawizi, na hali ikizidi husingizia husuda ya jirani. Ndimu na tangawizi hatuzikatai, kwani huweza kutuliza. Lakini kutuliza si kuponya, na maradhi yasiyotafutwa asili yake huendelea kula ndani kwa ndani.

Hata matabibu waliwahi kupotea. Kwa miaka mingi walisadiki kwamba vidonda vya tumbo huletwa na wasiwasi na uchachu uliozidi, na kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika uchachu huo. Mwaka 1979, mjini Perth, Australia, Robin Warren aliviona vijidudu kwa hadubini. Mwenziwe, Barry Marshall, alipoona watu hawasadiki, mwaka 1984 alikunywa mwenyewe kinywaji chenye vijidudu hivyo. Hazikupita siku nyingi akashikwa na kichefuchefu na kutapika. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Leo kijidudu hicho, Helicobacter pylori, hupimwa kwa pumzi au kwa choo, na dawa zake kwa kawaida humezwa siku 10 hadi 14 bila kukatiza.

Hata hivyo, si kila kichefuchefu hutokana na kijidudu hicho. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa na apimwe mimba kwanza. Anayetumia dawa azipeleke zote kwa daktari, kwani aspirini, na metformini ya kisukari, huweza kuchafua moyo. Lakini asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Kisukari cha miaka mingi huweza kudhoofisha neva za tumbo, chakula kikakawia humo. Maradhi ya figo na kipandauso navyo huleta hali hiyo hiyo.

Basi twawashauri wasomaji wetu hivi: mgonjwa aandike kwa muda wa wiki mbili saa aliyochafukwa, alichokula, na dawa aliyomeza. Karatasi hiyo itamfaa sana daktari. Lakini anayetapika damu, au apataye choo cheusi kama lami, asingoje karatasi. Aende hospitali siku ile ile. Na anayekonda bila sababu, au anayekwamwa na chakula, naye asikawie.

Mwili ni amana, na amana hailindwi kwa kukisia.